Maji Niliyoyaweka Chini

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Sikuwa na mpango wa kukusimulia, mwanangu, lakini jana nilipita nyuma ya nyumba yako nikaona umekata miti ya mnyaa, umeilaza kivulini ikauke, na umevuta kamba kuzunguka lupango lako lote, kiwanja kizima cha nyumba. Umefanya vizuri. Nikasimama pale nikaangalia yale maziwa meupe yaliyoganda kwenye ncha za miti, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Basi kaa kidogo. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilisoma darasa la tatu tu katika shule ya misheni, na hata huko nilikuwa yule mtoto anayejua jibu lakini hanyooshi mkono. Nitakwenda polepole, na wewe unisubiri.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nusu katika kijiji kimoja kando ya njia inayotoka Baraka kupanda Fizi, mahali ambapo ukisimama nyuma ya nyumba asubuhi unaliona ziwa hadi milima ya ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi, na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, wa miezi minne. Mume wangu alikuwa amekwenda Albertville kutafuta kazi, mji ule tunaouita leo Kalemie. Nilibaki na wazazi wake wawili.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa minyaa. Siku zile serikali ilikuwa imewatoa watu katika vijiji vyao vya zamani na kuwapanga kando ya barabara, nyumba kwa mstari, na kila nyumba ilitakiwa iwe na lupango lake lililozungushiwa ua. Watu walijaribu matete, mchwa wakala. Wakajaribu miti mingine, mbuzi wakala. Mnyaa mbuzi hali. Hata akiwa na njaa ya mwezi, ananusa, anapiga chafya, anakwenda zake. Miti ya kwanza baba mkwe aliipata kwa wachungaji wa ng'ombe wa kule juu milimani, ambao huzungushia maboma yao. Mzee mmoja wa kwao alikuwa akishuka na siagi, wakabadilishana kwa samaki wakavu. Tangu hapo kila aliyejenga nyumba alimwita baba mkwe ampandie.

Alikuwa na macho ya ajabu. Wengine walihitaji kamba, yeye alipiga goti mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja, akasema, "Ule muti wa tano, vuta kidogo ku mukono wa kuume." Ukileta kamba kupima, unakuta ni kweli. Watu walimwita Kamba, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa.

Sasa nikueleze desturi, maana ninyi wa siku hizi mmeiacha. Katika ukoo ule, mke wa mwana hakuonyesha uso wake kwa baba mkwe. Hakusema naye. Hakumpa kitu mkono kwa mkono. Nilipompelekea chakula nilijifunika kitambaa hadi puani, nikaweka sahani chini, hatua tano kutoka alipokaa, nikapiga makofi mawili ya polepole, nikageuka. Yeye naye aliangalia pembeni mpaka nipotee. Haya hiyo haikuwa ya milele. Mume akileta mbuzi na blanketi, wazee wanakaa, mke anaingia uso wazi, baba mkwe anamwangalia mara ya kwanza na kusema, "Nimekuona." Kuanzia hapo mnaongea kama baba na binti. Mbuzi yule na blanketi lile ndivyo mume wangu alivyokwenda kuvitafuta.

Lakini watu wanaokunywa maji ya mtungi mmoja watafanyaje wasisemezane? Baba mkwe alisema na kuku. Tulikuwa na kuku jike mmoja mweusi asiye na mkia, na yeye ndiye aliyebeba maneno yote ya nyumba ile.

"We kuku," atasema, ameangalia mbali, "ambia huyo mwenye kupika, chumvi ya mboga ya sombe ya jana ilikwenda Uvira, haikurudia."

Na mama mkwe atajibu kutoka jikoni, "Kuku anasema, mwenye kupika si mwenye kununua chumvi! Mwenye kununua alikula samaki yake na kulala!"

"We kuku, sikukuuliza hiyo."

Nilicheka nyuma ya kitambaa changu mpaka machozi. Nilimpenda mzee yule, mwanangu. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, ili usifikiri palikuwa na uchungu wowote kati yetu.

Hata kazi ya minyaa alinifundisha kwa njia ya kuku. Alikuwa anafanya kazi, mimi napepeta mchele au naanika mihogo, naye anasema, "We kuku, sikia. Muti huu unakatwa mwisho wa kiangazi, urefu wa mukono. Usiupande mubichi. Ulaze kivulini siku tano, sita, kidonda chake kifunge. Ukipanda na kidonda wazi, unaoza. Na usiumwagie maji, huu si mboga ya lengalenga." Siku nyingine, "We kuku, mwaka wa kwanza unapalilia tu. Mwaka wa pili unasuka matawi, unafunga na kamba ya mugomba. Mwaka wa tatu unakata kichwa, asubuhi, mbele upepo wa ziwa haujaamka. Ukikata, upepo ukae mugongoni. Pakaa mawese ku mikono. Jasho likikuya, acha litoke, usipanguse uso. Maziwa ya muti huu hayajui rafiki."

Mimi niliyashika yote. Sikujibu kamwe, hata kwa njia ya kuku. Mama mkwe alinitania kwa ajili ya unyamavu wangu. "Mukamwana," alisema, ndivyo tulivyomwita mke wa mwana, "sauti yako ikianguka ndani ya supu, hatutaiona." Nilikuwa hivyo hata kwetu. Desturi haikuniumba mwoga. Ilinipa tu mahali pazuri pa kuuweka woga wangu, nikauita heshima.

Basi siku ile ilifika mwisho wa kiangazi. Ua wetu ulikuwa umepita kichwa cha mtu, ukawa mzito, unainamia njia. Baba mkwe alitaka kuukata na kutumia matawi kupanda ua wa majirani. Kijiji kilikuwa kitupu, maana kapita, msimamizi wa kazi za serikali, alikuwa amewatoa watu wote kwenda kusafisha mashamba ya pamba nyuma ya kilima. Baba mkwe alisamehewa kwa sababu ya kazi yake ya malupango. Mama mkwe alishuka mtoni Mutambala kutoa mihogo aliyoiloweka. Nyumbani tukabaki mimi, mtoto, na mzee.

Yeye alikata, mimi nilibeba. Alikata sehemu, akasonga mbele, ndipo mimi nikakaribia kuokota na kupeleka kivulini. Kitambaa chake cha kupangusia jasho, kipande cha shuka la zamani, alikitundika juu ya mti wa lango, mbali na kazi, kwa sababu alijua. Hakukosa hata jambo moja katika yale aliyomfundisha kuku. Aliyekosa ni mimi. Mtoto alianza kuteleza mgongoni, nikataka kumfunga upya, nikauegemeza mzigo wa matawi pale langoni. Nilipouinua tena nikaona matone meupe, matatu au manne, yamedondoka juu ya kitambaa na yanazama ndani ya nguo.

Nilijua ni nini. Nilifikiri, nikitoe. Lakini kushika kitambaa cha jasho la baba mkwe, desturi inakataa. Nilifikiri, nimwambie. Kwa mdomo gani? Nilifikiri, mama mkwe atarudi sasa hivi, atamwambia yeye. Nilimtafuta kuku, hakuwapo. Mwishowe nikageuza kichwa kwa mtoto wangu, nikasema, "We mutoto, ambia mukubwa, kitambaa yake iko na maziwa ya muti."

Nilisema, mwanangu. Lakini nilisema kwa sauti ile yangu, na upepo wa ziwa ulikuwa umeshaamka, na mzee alikuwa amemaliza, anasugua mikono yake kwa mawese na mchanga. Hakugeuka. Na mimi sikurudia. Nilijiambia, nimeshasema. Jihadhari sana na neno hilo. Watu wengi wamelala usingizi juu ya neno hilo wakati nyumba ya mwenzao inaungua.

Alinawa vizuri. Akaja langoni, akachukua kitambaa, akapangusa uso wake kama mtu anavyopangusa akimaliza kazi njema, paji la uso, shingo, na macho yote mawili, taratibu, kwa raha.

Kisha akasema "E!" kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akapiga magoti.

"Maji!" akapaaza sauti. "Nani iko hapa? Maji! Leta maji!"

Halafu nikamsikia anakumbuka ni nani aliyekuwapo. Sauti yake ikashuka. Mwanangu, mtu ambaye macho yake yalikuwa yanachomwa alitafuta heshima yangu akaishika kwanza. "We kuku," akasema, "we kuku, ambia mwenye mutungi… alete maji."

Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeteka mwenyewe asubuhi, safari mbili. Nikachota kwa kibuyu, nikakimbia. Na nilipomkaribia nikafanya yale mikono yangu iliyoyazoea. Nikajifunika uso, mbele ya mtu asiyeweza kufumbua macho, nikajifunika uso. Nikaweka kibuyu chini, hatua tano. Nikapiga makofi mawili. Nikageuka, nikaenda nyuma ya jiko.

Nilimsikia anatambaa. Kisha nikasikia kibuyu kinapinduka. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo ulikuwa na kiu ya miezi mitatu, ukayanywa kwa pumzi moja.

Nikachota tena. Mara hii nikakiweka hatua tatu, na nikaona huo ni ujasiri mkubwa. Nikapiga makofi. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani upande ule na upande huu, kidole chake kikagusa mdomo wa kibuyu nacho kikaanguka upande. Akachukua tope lililobaki, akajipaka machoni.

Hapo nikakimbia. Lakini sikukimbia kwake. Niliteremka njia ya mtoni, mtoto analia mgongoni, kumwita mama mkwe, kwa sababu yeye alikuwa na ruhusa ya kumshika na mimi sikuwa nayo. Njia ile ukishuka ni muda wa kupika maharage yakaanza kuchemka. Kupanda ni zaidi. Nilimkuta amejaza kikapu, ananitazama.

"Nini? Mutoto?"

"Baba. Maziwa ya mnyaa. Machoni."

"Umemuosha?"

"Nimemuwekea maji."

"Nimeuliza umemuosha!"

Nikaangalia chini. Mama mkwe aliacha mihogo pale pale kwenye maji na kupanda kilima kwa miguu ya msichana.

Tulimkuta amejikunja kivulini, uso umevimba, kope zimeshikana. Mama mkwe alimwaga mtungi mzima juu ya uso wake. Kisha akanipa kikombe, akasema bila kuniangalia, "Nenda kule nyuma, kamua maziwa yako humu." Ndiyo dawa wazee waliyoijua, maziwa ya mama kwa maziwa ya mti. Nilikamua mpaka kifua kikauma. Akamtia machoni tone kwa tone. Lakini jua lilikuwa limeshapita kichwa zamani.

Watu walirudi kutoka mashamba ya pamba jioni, na kesho yake alfajiri vijana wanne wakamshusha Baraka kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, mimi na mama mkwe tukiwafuata. Munganga wa dispansere alikuwa kijana wa kwetu, mpole, mwenye miwani. Alifungua zile kope, akaangalia kwa muda mrefu, akaweka dawa, akafunga kitambaa cheupe. Kisha akatugeukia sisi wanawake.

"Hii ilimupata saa ngapi?"

"Jana, mbele ya saa sita," mama mkwe akajibu.

"Na mulimuosha saa ngapi?"

"Saa nane. Ao saa tisa."

Akavua miwani. "Bamama, maziwa ya mutoto si mabaya. Lakini muti huu, dawa yake ya kwanza ni maji. Maji tu, safi, mengi, palepale. Unamulaza mugongo, unafungua jicho na vidole, unamwaga, unamwaga, mpaka uchoke, kisha unamwaga tena. Nyumbani kwenu hakukuwa maji?"

Nilingoja mama mkwe aniseme. Nilitamani aniseme.

"Yalikuwa," akajibu. Basi.

Jicho la kuume lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki kuona mwanga na kivuli, kama mtu anayeangalia kupitia moshi wa jiko. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, akakaa mlangoni. Ua wa minyaa ulibaki umekatwa nusu, upande mmoja kifuani, upande mwingine juu ya kichwa. Matawi aliyonituma kuyalaza yalikauka kivulini mpaka yakafaa kwa kuni tu. Kuku alipita mbele yake, naye hakumsemesha, kwa sababu hakumwona.

Mvua ziliponyesha mume wangu akarudi. Alikuwa na mbuzi, na blanketi jekundu, na alikuwa anacheka tangu njiani. Hakuna aliyekuwa amempelekea habari. Sitakueleza namna kicheko chake kilivyokoma. Lakini baba mkwe alisema desturi ifanyike, kwa sababu mbuzi ameshafika na mtu hamrudishi mbuzi Albertville.

Wazee wakakaa. Blanketi likatandikwa magotini pake. Nikaingia uso wazi, nikapiga magoti mbele yake, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia. Nikainua uso. Yeye akageuza wake kunitafuta. Akaelekea kidogo kushoto kwangu, pale palipokuwa na nguzo ya mlango, akatulia hapo, akaangalia ile nguzo kwa upendo mkubwa, akasema, "Nimekuona, mama."

Wazee wakapiga makofi. Mama mkwe alitoka nje.

Walipokwenda kula nyama, baba mkwe aliniambia nibaki. Ukiacha yale ya desturi, haya yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu mimi, si kwa kuku.

"Siku ile nilisikia makofi yako," akasema. "Nikajua maji iko pale, na wewe uko pale. Nikangoja mukono. Mukono haikukuya."

"Niliogopa kuvunja heshima, baba."

"Ninajua. Si mimi nilikufundisha?" Akapapasa blanketi magotini. "Heshima ni nyumba, mama. Tunabisha hodi, tunavua viatu, tunainama. Lakini nyumba ikiwaka moto na mutu iko ndani, nani anasimama inje kubisha hodi? Siku ile hata mwizi angenishika mukono, ningemwita mutoto wangu."

Nikalia. Nikamwambia na lile la kitambaa, kwamba mzigo ulikuwa wangu, kwamba niliyaona matone, kwamba nilisema kwa sauti ndogo nikanyamaza. Hakuwa akilijua hilo. Alikuwa akidhani ni mikono yake mwenyewe, kwamba mtu wa minyaa amezeeka akasahau kunawa. Miezi ile yote alikuwa anajilaumu. Nilipomaliza, alipumua kama mtu aliyetua mzigo, na mimi nikauona mzigo wenyewe ukikaa kwangu, na ni haki yangu.

"Kumbe nilinawa," akasema polepole. "Kumbe nilinawa vizuri."

Ungedhani kisa kinaishia hapo, mwanangu. Nami ningependa. Lakini kusema kweli si kama kuoga mara moja ukawa safi.

Mwaka uliofuata kijana mmoja jirani alijenga nyumba, akaja kumwomba baba mkwe ampandie minyaa. Alifanya hivyo kwa huruma, na watu wote waliijua huruma ile. Mzee alifurahi sana. Alinyoa ndevu. Akapiga goti mwanzo wa mstari kama zamani, akafumba lile jicho lililokufa, akaanza kuamuru: huu hapa, ule pale. Watu wakachomeka miti mahali aliposema. Mstari ukapinda kama njia ya mbuzi.

"Imenyoka?" akauliza.

"Imenyoka, mukubwa!" wakajibu. "Kamba ni Kamba!"

Akacheka. Akauliza tena, na safari hii aligeuza uso upande wangu. "Mama, imenyoka?"

Wote wakaniangalia. Mwenye nyumba akanitikisia kichwa ninyamaze. Na moyo wangu ule wa zamani ukaniambia, nyamaza, huo ndio upendo. Lakini nilikuwa nimeshaona unyamavu wangu unavyofanya kazi. Nikaenda, nikamshika mkono.

"Baba," nikasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "imepinda. Kuanzia muti wa nne."

Uso wake ulibadilika, na sitausahau, maana ni mimi niliyeubadilisha, mara ya pili. Aliinama, akapapasa mti uliokuwa karibu, akaung'oa, akaushika mkononi. "Asante," akasema. Kisha akaomba apelekwe nyumbani. Hakupanda ua tena katika maisha yake. Mama mkwe hakusema nami kwa siku tatu, na majirani waliniita mwenye moyo wa jiwe. Labda walikuwa na haki. Mpaka leo siku nyingine nafikiri ningemwachia ule mstari mmoja, akafurahi nao. Siku nyingine nafikiri aliniuliza mimi kwa sababu alijua ni mimi peke yangu nitakayejibu. Sijui. Mtu anaweza kuzeeka na jambo asilijue.

Ninachojua ni kwamba tangu hapo mimi ndiye niliyepanda. Yeye alikaa kando, anauliza, mimi najibu. Anaelekeza, mimi nachomeka. Ua ule uliokatwa nusu tuliumaliza pamoja. Alikufa kabla ya uhuru, katika masika, kwa homa ya siku chache. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, na hakuwa na haja ya kuuita.

Sasa sikia maneno yangu, maana yanakaribia kwisha. Minyaa yako uipande wiki ijayo, si kesho. Vidonda havijafunga bado. Ukikata, simama upepo ukiwa mgongoni, paka mawese mikononi, na nguo zako za kufuta uso uziache ndani ya nyumba. Watoto wasivunje matawi kwa kuchezea. Yale maziwa yakimwingia mtu jichoni, usitafute dawa ya fulani wala ruhusa ya fulani. Mlaze, mfungue jicho, mwage maji mengi, kisha mpeleke kwa munganga siku ileile.

Na lingine. Mwezi ujao unaleta mke katika nyumba ile. Atakuja na haya zake, kama mimi nilivyokuja na zangu. Usimcheke, wala usizisifu mno. Mfundishe kwamba katika nyumba yako mtu akiona hatari anasema, na asiposikiwa anarudia, na asiposikiwa tena anashika mtu mkono, awe baba, awe mkwe, awe mgeni. Mficha uchi hazai, walisema waliotuzaa. Heshima inayomwacha mwenzako gizani, irudishe kwa wenyewe waliokupa. Lakini ujue pia kwamba neno la kweli lina uchungu wake, na ukilisema usikimbie. Kaa pale, umshike uliyemwambia, mpaka apumue.

Inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyeumba hata mti ule mchungu akupe ardhi inayoshika mizizi. Akupe ulimi usiochelewa. Mke wako aingie kwako akute watu wa kusema nao. Na uishi miaka mingi, mwanangu, uzeeke ukiziona nyuso za wote wanaokupenda.